Anayelipa Naye ni Mgeni

Siku moja ya mwezi wa Aprili, yapata saa nane ya mchana, mvua ilinikuta Kebirigo, huko Nyamira, nikitoka shule moja kwenda nyingine, nikajisitiri katika hoteli ndogo ya mabati iliyo kando ya barabara, ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi bila ya kuijali. Niliagiza obokima, yaani ugali, wa wimbi na chinsaga, mboga ambayo sisi watu wa pwani huiita mgagani, nikaketi karibu na mlango nikitazama maji mekundu yakiteremka mferejini. Mwenye hoteli, mama wa makamo, alifunua chungu, akachota kidogo kwa mwiko, akatia kiganjani, akaonja, kisha akakifunika tena na kunijia mezani. "Mwalimu," alisema, "chinsaga bado zina uchungu, hazijaiva. Leo kula maharage. Kesho ukipita utazikuta tayari."

Nilikula maharage, na kesho yake nikapita. Tangu siku hiyo nimeyawaza mara nyingi maneno yale machache. Mimi ni mgeni wa nchi ile. Uchungu wa mboga ile nisingaliweza kuupambanua, kama ni tabia yake au ni taksiri ya mpishi. Mvua ilikuwa imenifunga ndani na njaa imenishika, na lau angaliniletea sahani ya mboga isiyoiva ningalikula, ningalilipa, na ningaliondoka nikidhani kwamba hivyo ndivyo Wagusii walavyo. Hapakuwa na shahidi ila nafsi yake. Alikuwa na nafasi ya kunighilibu bila ya kuulizwa na mtu, naye akachagua kuniambia kweli iliyompunguzia pato lake la siku ile.

Huu ni mwaka wa nne tangu kazi yangu ianze kunizungusha katika shule za Kisii na Nyamira, ilhali ahali yangu imebaki Mombasa. Na mtu wa hali hiyo hana budi kula hotelini, asubuhi, mchana na mara nyingine jioni. Nimekula Keroka na Nyansiongo, Suneka na Ogembo, Ekerenyo na mjini Kisii penyewe. Nimekula katika vibanda vya mbao ambako benchi moja huketi watu watano, na katika kumbi za ghorofa zenye vioo na vitambaa mezani. Sina ilimu ya upishi, wala sikutumwa na mtu kupima hoteli. Nasema niliyoyaona kwa sababu mlo wa hotelini umekuwa mlo wa kila siku kwa watu wengi kama mimi: makarani, madereva wa matatu, wanafunzi wa vyuo, wachuuzi wa ndizi, na jamaa za wagonjwa waliolazwa katika hospitali kuu ya Kisii, na jambo linalowagusa watu wengi kila siku linastahili kufikiriwa kwa utulivu.

Neno nililo nalo ni hili: mtu anayelipa chakula chake bado ni mgeni, na fedha aliyoitoa haiuondoi ugeni wake. Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, maana si haki mtu kula jasho la mwenyeji wake daima. Basi mlaji wa hotelini ni mgeni aliyeshika jembe kabla ya kuketi. Amekwisha lima penginepo, ameleta mavuno yake mfukoni, na hamlemei mwenyeji hata kidogo. Kama mgeni asiye na kitu hustahiki kukaribishwa kwa uso mkunjufu, maji ya kunawa na chakula safi, kwa hoja gani atanyimwa mambo hayo yule aliyekuja na thamani yake mkononi? Naona kwamba wema wote nilioukuta katika hoteli za nchi ile ulitokana na watu waliolifahamu jambo hili, na ubaya wote ukatokana na waliolisahau.

Nianze na wema, maana ndio ulio mwingi. Nchi ya Wagusii imejaaliwa mvua, ambayo huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo usiochoka upesi. Kwa hiyo mboga hazikosekani sokoni, na mwenye hoteli aliye macho huamka mapema akaenda Daraja Mbili mjini Kisii, akachagua chinsaga, rinagu ambayo ndiyo mnavu, risosa ambayo ni majani ya maboga, na enderema itambaayo uani. Kuna hoteli mjini humo ambamo kila mboga huwa na chungu chake, na mlaji huulizwa anataka ipi, au anataka mbili zichanganywe, kwa namna ileile ambayo Mombasa mtu huulizwa kama mahamri yake yatakwenda na mbaazi au na chai. Chinsaga yataka saburi. Majani huchambuliwa moja moja kutoka katika vijiti vyake, hupikwa kwa muda mrefu hata uchungu upungue, hutiwa maziwa, na wapishi wengine huilaza ipate kupashwa siku ya pili, ambapo ladha yake huwa imekomaa. Mtu aipikaye hivyo kwa ajili ya watu asiowajua majina amewapa sehemu ya umri wake, na bei ya sahani hailipi yote hayo.

Na obokima wenyewe, ule wa wimbi wenye rangi ya udongo uliolowa, ni chakula chenye hadhi yake. Kabla ya mahindi kuenea katika zama za wakoloni, wimbi ndilo lililokuwa nguzo ya mlo wa Wagusii, na hadi leo mtu mzima wa huko atakuambia kwamba ameshinda na njaa ikiwa amekula wali tu. Katika nyumba zao obokima huletwa ndani ya kikapu kilichosukwa kiitwacho ekee, ambacho huuhifadhi usipoe. Na nimeona hoteli moja Nyamira ambayo, badala ya kuupakua ugali katika sahani ya plastiki kama wafanyavyo wengi, huuleta katika ekee na kuuweka katikati ya meza, watu wakamega kwa zamu. Siku ya kwanza nilipoona hivyo niliketi na watu watatu nisiowajua, nasi tulipomaliza tulikuwa tumekwisha ulizana habari za nyumbani. Kwa bei ya mlo wa kawaida, hoteli ile ilinipa jambo lisilouzwa.

Katika hoteli ile ya Kebirigo nilijifunza tena jambo jingine. Kijana aliyekuwa akihudumu alikuwa akimwita mwenye hoteli "baba", nami nikastaajabu, mpaka nilipofahamishwa kwamba katika Ekegusii baba ndiye mama, na mzazi mwanamume huitwa tata. Kijana yule hakuwa mtoto wake wa kuzaa. Lakini alimwita hivyo mbele ya wateja wote, na mama yule naye alimrekebisha kwa sauti ya mzazi, kwamba mkono ulioshika noti usishike chapati, na kwamba birika la maji ya kunawa lifike mezani kabla ya sahani. Palipo na heshima ya namna hiyo baina ya mwenye kazi na mfanyakazi wake, mlaji hupata fungu lake bila ya kuliomba.

Mjini Kisii, nami ni mtu niliyekulia kando ya bahari, nilikuwa na mashaka makubwa juu ya samaki wa mbali na maji. Katika hoteli moja iuzayo samaki wa Ziwa Victoria, wale wanaoletwa kwa gari kutoka Homa Bay, nilimwuliza mhudumu kama samaki wake ni wa leo. Hakuapa, wala hakuudhika. Aliingia jikoni, akarudi na samaki mzima katika sinia, akainua matamvua yake nione wekundu wake, akasema, "Mzee, tazama mwenyewe." Mwuzaji aliye na hakika na bidhaa yake hupenda ikaguliwe, na mkaguzi hupata utulivu wa moyo kabla ya kupata utulivu wa tumbo. Nimerudi kwake mara nyingi, na siku asipokuwa na samaki wa leo huniambia kwamba hana.

Sasa nije kwa mabaya, nami sitaitaja hoteli yoyote, kwa kuwa nia yangu ni kuondoa kasoro, si kuvunja riziki ya mtu. Baya la kwanza ni ghashi. Niliwahi kuagiza kuku wa kienyeji, ambaye bei yake iliyoandikwa ukutani ilikuwa kubwa kuliko ya kuku mwingine yeyote, na kwa haki, maana kuku wa kienyeji huchukua miezi mingi kukua na huhitaji moto wa muda mrefu. Nililetewa kuku ambaye mfupa wake ulivunjika kwa vidole viwili na nyama yake ikajiachilia kabla ya kuguswa. Kila aliyelelewa katika nyumba yenye mabanda ya kuku anajua tofauti hiyo. Nilipomwita mwenye mahali na kumweleza kwa staha, alinijibu, "Kuku ni kuku," akaondoka. Nililipa bei ya kuku niliyemwagiza kwa ajili ya kuku ambaye sikumwagiza, na kilichoniuma hakikuwa fedha iliyozidi. Kilichoniuma ni kwamba mtu yule aliniona sistahili hata kukanushiwa.

Baya la pili ni kuwabagua watu kwa mavazi yao. Nyamira ni nchi ya majani chai. Viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo hupokea kila siku majani mabichi yaliyochumwa na wakulima wadogo, ambao huamka alfajiri, huingia katika migunda yenye umande, na hurudi na gambuti zilizojaa tope jekundu. Katika hoteli moja yenye sakafu ya vigae nilimwona mzee wa namna hiyo ameketi pembeni, amevua kofia yake na kuiweka magotini. Alikuwa ameagiza kabla yangu. Wakaja vijana wawili wenye suti, wakahudumiwa, nikahudumiwa mimi, yeye bado anangoja, na mhudumu akipita karibu naye hutazama tope lililodondoka sakafuni. Hatimaye mzee aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka bila ya kusema neno. Nami nina lawama ya nafsi yangu katika jambo hili, kwa kuwa nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Itakapofika Oktoba, mwezi ambao bonasi ya chai hulipwa aghalabu, hoteli ileile itafungua milango yake yote miwili na kumwita kila mwenye gambuti "bosi". Heshima inayokuja na bonasi na kuondoka nayo haikuwa ya mtu tangu mwanzo; ilikuwa ya noti zake.

Na katika nchi hiyo hiyo ya chai, ambayo mazao yake husafirishwa hata yakafika katika mnada wa Mombasa, mji wangu, ambako nimekua nikiona magunia yakiteremshwa maghalani, nimepewa vikombe vya chai iliyopashwa mara ya tatu, isiyo na harufu, yenye maziwa yaliyopungua na maji yaliyozidi. Mkulima huambiwa achume majani mawili na kichipukizi, wala asichume zaidi, kwa ajili ya mnywaji wa nchi za mbali asiyemjua. Ni haki gani inayomfanya mnywaji wa mbali achungwe hivyo, na mchumaji mwenyewe, akiketi katika hoteli ya kijijini kwake, apewe mabaki ya asubuhi?

Baya la tatu ndilo lililo zito, nalo ni uchafu usioonekana. Mwaka juzi nilikula katika mahali palipokuwa na sifa, na baada ya siku kadhaa nikashikwa na homa na maumivu ya tumbo yaliyonilaza wiki mbili. Siwezi kuapa kwamba ni chakula kile kilichonidhuru, na kwa sababu hiyo sikumshitaki mtu; lakini nakumbuka kwamba ndoo ya kuoshea sahani ilikuwa moja, maji yake yamegeuka rangi, na kwamba chooni hapakuwa na maji wala sabuni. Mambo haya si ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 miongoni mwao hufa. Mlaji huona sahani na uso wa mhudumu. Jiko halioni, wala mikono iliyopika, wala maji yaliyotumika. Kwa hiyo chakula kinachouzwa ni amana, na khiyana katika amana hii haishii katika hasara ya mali, huingia mwilini.

Kuna kisa cha kweli ambacho kila mwenye hoteli angefaa kukijua. Mpishi mmoja mzaliwa wa Ireland, aliyeitwa Mary Mallon, alikuwa akipikia nyumba za matajiri huko New York mwanzoni mwa karne iliyopita, na karibu kila alipokwenda watu waliugua homa ya matumbo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mzima wa siha. Mwaka 1907 iligunduliwa kwamba alikuwa na vijidudu vya maradhi hayo mwilini, akatengwa katika kisiwa. Mwaka 1910 aliachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akapewa kazi ya ufuaji nguo, ambayo ujira wake ulikuwa mdogo kuliko wa upishi. Mwishowe akabadili jina lake na kurudi jikoni. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya wazazi ambako watu walikuwa wameugua, akatengwa tena mpaka alipofariki mwaka 1938. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kumlaumu yule mwanamke. Mimi naona kina funzo la pili: sheria iliyomkataza kupika bila ya kumpa riziki nyingine ya kumtosha ilikuwa imejenga nusu ya ukuta tu.

Kanuni za Kenya zinamtaka kila mtu anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya na kupata cheti kila miezi sita. Hilo ni jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kijana mmoja aliyekuwa akinihudumia Keroka, siku niliyomwona akikohoa na macho yamemwiva, aliniambia kwamba hulipwa kwa siku, na siku asiyokuja hana ujira, na nyumbani kuna wadogo zake wanaomtegemea. Cheti chake kilikuwa kimetundikwa ukutani, halali kabisa, kimepigwa mhuri. Karatasi ile ilikuwa ikisema kweli ya miezi minne iliyopita, na mwili wake ulikuwa ukisema kweli ya siku ile. Mwenye hoteli anayemkata ujira mfanyakazi mgonjwa humfundisha kuficha ugonjwa, kisha humtuma na sahani mkononi kwa mgeni.

Insafu yanilazimu niseme pia yale yanayowaelemea wenye hoteli, maana nimeketi nao mara nyingi baada ya wateja kuondoka. Katika nchi inyeshewayo namna ile, mifereji ya maji hukauka siku kadhaa, na mwenye hoteli hununua maji kwa madebe yaliyobebwa na punda au kwa mkokoteni. Kila debe analolitumia kuosha sahani mara ya pili ni fedha itokayo katika faida yake ndogo. Bei ya unga, mafuta na makaa hupanda bila ya kumtaka shauri, lakini akipandisha bei ya sahani kwa shilingi kumi wateja wake humkimbia. Wapo wanaokula kwa deni na kubadili njia ya kupita. Wapo wanaosema kwamba wamekwisha tuma fedha kwa simu, wakaonyesha ujumbe wa zamani, wakaenda zao. Naye mama aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga wa mandazi hulala saa tano, akiwa amewalisha watu mia na kula yeye mwenyewe akiwa amesimama. Anayetaka kuzungumzia haki ya mlaji bila ya kuutazama uchovu huu atasema maneno yasiyotimia.

Lakini ugumu huo haumpi mtu ruhusa ya ghashi. Mama wa Kebirigo naye alikuwa akinunua maji, naye alikuwa na wateja wa deni, na paa lake lilikuwa likivuja juu ya meza mbili katika meza zake nne. Hata hivyo aliionja mboga yake kabla ya kuiuza. Ukweli haukumgharimu debe la maji wala kilo ya makaa. Kwa hiyo wako watakaojitetea kwa umaskini, nami nitawasikiliza katika jambo la maji na jambo la paa. Katika jambo la kuku wa kienyeji sitawasikiliza.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari za kumwezesha kuzifaidi. Na Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni na kuzidhibiti biashara zinazouza chakula kwa umma. Basi kaunti za Kisii na Nyamira zina mamlaka, na pamoja na mamlaka liko daraka. Ombi langu ni kwamba afisa wa afya anapoingia hotelini atazame jiko kabla ya kutazama karatasi, atazame ndoo ya kuoshea, atazame mahali pa kunawa mikono, na aulize wafanyakazi wakiugua hufanywaje. Tena aje kama mwalimu kabla ya kuja kama hakimu, maana wengi wanaokosea hawajapata kufundishwa. Na kwa kuwa mji wa Keroka umekaa mpakani, sehemu yake katika kaunti hii na sehemu katika kaunti ile, ingefaa maafisa wa pande zote mbili washauriane wawe na mizani moja. Mlaji huweza kunywa chai upande wa Nyamira na kula ugali upande wa Kisii ndani ya saa moja, na tumbo lake halina mpaka.

Juu ya yote, kaunti ikileta maji katika masoko na vituo vya magari itakuwa imefanya kwa ajili ya usafi wa hoteli zaidi ya yale ambayo faini mia zingefanya. Mtu hawezi kuamriwa aoshe kwa maji asiyokuwa nayo.

Wenye hoteli nao wana mambo machache ya kufanya ambayo hayahitaji mtaji. Bei iandikwe ukutani na isibadilike kwa kumtazama mteja uso wake. Chakula kitajwe kwa jina lake la kweli. Kuku wa kisasa aitwe wa kisasa, na wapo watakaomla kwa radhi. Mwenye kupokea fedha asiwe mwenye kupakua. Kilichokwisha kisemwe kwamba kimekwisha. Na aliyetangulia kuketi atangulie kula, ajapokuwa na tope mpaka magotini.

Lakini sisi walaji tuna sehemu yetu, nayo ndiyo tuliyoiacha zaidi. Tabia yetu tukila vibaya ni mojawapo ya mbili: ama tunanyamaza pale mezani, kisha tunaisema hoteli ile kwa marafiki mpaka inafilisika bila ya mwenyewe kujua kosa lake, au tunampigia kelele kijana wa kuhudumu mbele ya kadamnasi, ilhali si yeye aliyepika. Njia zote mbili hazimponyi mtu. Kinachofaa ni kumwita mwenye mahali kando na kumwambia kweli kwa sauti ya chini, na siku tuliyokula vizuri kumwambia vivyo hivyo, kwa sauti ambayo wengine watasikia. Mgeni wa nyumbani hufunga mdomo wake kwa haya, kwa kuwa amepewa bure. Mgeni aliyeshika jembe hana sababu ya haya hiyo, na akinyamaza anamdhulumu mwenyeji wake na wageni watakaokuja baada yake.

Nimesema kwamba siku ile ya mzee mwenye gambuti sikuutumia mdomo wangu. Nimejaribu kulilipa deni hilo. Mwezi uliopita nilipita tena Kebirigo, nikapewa chinsaga zilizoiva vizuri, zenye maziwa, lakini chumvi ilikuwa imezidi. Hoteli ilikuwa imejaa, mama amechoka, na ilikuwa rahisi kula na kunyamaza, tena kwa mtu ninayempenda na kumheshimu ilikuwa kama adabu kunyamaza. Nilikumbuka kwamba yeye hakuninyamazia mimi. Nikangoja apite karibu, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, leo chumvi imezidi."

Alisimama. Alichota kidogo katika sahani yangu, akatia kiganjani kama siku ile, akaonja, akafumba macho. "Kweli, mwalimu," alisema; akaichukua sahani, na alipofika jikoni akaenda kwanza kwenye chungu kikubwa, akakiondoa motoni, kabla ya mtu mwingine kupakuliwa.